Mjomba Aliyeapishwa Kumshuku Siwema

Nchi ninayotaka kuwasimulia si hii yenu. Tuelewane hapo mapema, maana nawajua: mtu akisikia habari za mheshimiwa mwenye kitambi, tayari ameshamtafuta jirani yake kwa macho na kumkonyeza. Msikonyezane. Nchi hiyo inaitwa Sambamba, iko ilipo, na atakayesema anaifahamu atueleze aliifahamu lini na alikuwa na nani.

Sambamba ilijengwa juu ya methali moja tu: "Mpanda ngazi hushuka." Waasisi waliikalia kikao, wakaona ni kweli tupu, wakahitimisha hivi: kama kila apandaye hushuka, na kushuka kunaumiza, basi dawa ni kutopanda. Ngazi zikapigwa marufuku. Wizara ya Afya, iliyokuwa na ghorofa tisa, ikavunjwa na kulazwa chini, ikawa ukumbi mmoja mrefu ambao ukiingia asubuhi kuulizia jambo lako, unafika kwenye dirisha husika wameshafunga.

Kiongozi wetu wa kwanza, Baba wa Usawa, alipata hamsini na mbili katika kila somo alilowahi kufanya, hata kuimba. Kwa hiyo hamsini na mbili ndiyo akili ya taifa. Ukipata arobaini wewe ni mvivu, na ukipata themanini tunataka kujua umezitoa wapi. Madaktari wetu wote ni wa hamsini na mbili, na kwa takwimu za wizara, katika kila wagonjwa mia hupona hamsini na wawili. Mnaona mfumo unavyofanya kazi?

Mimi naitwa Mchopa, fundi cherehani, nashona suruali. Kupima viuno vya watu kumenifundisha kwamba hakuna anayesema kweli kuhusu mwili wake. Mtu anakuja kifua mbele, "Fundi, mimi ni yule yule wa mwaka jana," ukimzungushia futi kamba unakuta wa mwaka jana na mwingine juu. Kwa hiyo kushuku sikufundishwa na serikali. Serikali ilinipa beji tu.

*

Nilikuwa na dada mmoja, Mwanahija, na Mwanahija alikuwa na mtoto mmoja, Siwema. Mikosi ya Siwema ilianzia shuleni, siku alipopata tisini na moja ya baiolojia. Mwalimu mkuu alituita faragha, akafunga dirisha.

"Mama Siwema, huyu mtoto anakula nini nyumbani?"

"Anakula tunachokula sisi."

"Basi mchunguzeni."

Siwema alitaka udaktari. Hakuwa msemaji, lakini hilo alilisema tangu anavaa sare ya shule ya msingi, na hakulibadilisha. Sasa mwaka aliokuwa akijiandaa kwa mtihani wa kuingilia chuo cha udaktari, mama yake akavimba miguu. Tukampeleka hospitali kuu. Daktari, kijana nadhifu wa hamsini na mbili, akaitazama miguu, akaibonyeza, akamwandikia dawa ya miguu.

Siwema akasema, "Samahani daktari, mama hawezi kulala chali. Akilala anakosa pumzi. Naomba umsikilize moyo."

"Kilichovimba ni nini?"

"Miguu."

"Basi."

Nisiwe mwongo, jibu lile lilinipendeza, lilikuwa fupi. Dada yangu alipakwa dawa ya miguu mpaka akafa, na siku tunamvika sanda miguu yake, naapa, ilikuwa inang'aa.

Mazikoni alikuja afisa wa wizara na kipaza sauti chake. Neno "pole" hakulitamka. Kwetu Sambamba neno hilo lilishafutwa, kwa hoja kwamba ukimwambia mtu pole umekiri kuna jambo limempata, na ukishakiri, watu wataanza kuuliza limetoka wapi. Afisa akasema, "Wizara inaishukuru familia. Marehemu ameingia katika wale arobaini na wanane, na bila hao hesabu ya taifa ingeyumba." Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga. Majirani waliokuja nyumbani walitushika mkono, wakafungua mdomo, wakakumbuka, wakakohoa. Tulikoholewa msiba mzima.

Siwema hakupiga makofi, na wala hakulia. Alimtazama tu yule afisa, kuanzia viatu kwenda juu.

Wiki iliyofuata akaingia kwenye mtihani. Akapata thelathini na moja.

*

Maombi ya udaktari hupokelewa na Kamati ya Mlango. Mwenyekiti wake ni Mheshimiwa Mzingo, mtu mnene, mpole, mteja wangu wa suruali. Katibu ni Bi Nyamizi, mwanamke mkavu ambaye nadhani hata kivuli chake hukiuliza kinamfuata kwa nini.

"Hapa pana tisini na moja," Bi Nyamizi alimwambia Siwema, "na hapa pana thelathini na moja. Hizi mbili hazikai kichwa kimoja. Ninyi mko wawili. Mwenzako yuko wapi?"

"Niko peke yangu, mama."

"Mwenzako tumwite kwa jina gani?"

"Mama yangu alikuwa mgonjwa. Nilikuwa namuuguza. Kisha akafa."

Wajumbe wakatazamana.

"Alitibiwa katika hospitali zetu?"

"Ndiyo."

"Basi alikuwa anatibiwa. Wewe ulikuwa unauguza nini?"

Ombi likakataliwa. Siwema akaambiwa siku akirudi waje wote wawili.

Mtu mwingine angekwenda kuuza vitumbua. Yeye akarudia mtihani mwaka uliofuata, akapata themanini na sita, na hapo ndipo alipojiharibia kabisa, kwa sababu sasa walikuwa watatu. Na sheria ya Sambamba inasema mlango hugongwa mara mbili, anayegonga mara ya tatu ni mwizi. Maana yake ombi hili la pili lilikuwa la mwisho maishani mwake. Likianguka, limeanguka.

Tena anayerudia kuomba huongezewa sharti. Nchi nyingine mwombaji huleta mdhamini aje kusema kijana ni mwema. Sisi tuligundua wadhamini ni waongo, kwa hiyo mwombaji huleta mshuku. Mshuku ni ndugu wa damu wa upande wa mama, anayeapishwa kutomwamini mwombaji hata chembe mpaka kamati itoe uamuzi. Usipokuwa na mshuku, ombi linakufa. Mshuku wako akiacha kushuku, ombi linakufa vilevile.

Siwema alikuja karakana akakaa kwenye kigoda cha wateja. "Mjomba, nimebaki na wewe tu."

"Unataka nikushuku?"

"Kwa moyo wako wote."

"Mwanangu," nikamwambia, "kwa hilo ondoa wasiwasi."

*

Bi Nyamizi ndiye aliyeniapisha. Akanipachika kifuani beji yenye jicho lililofumba nusu, kisha akanipima.

"Ukimwona anasoma?"

"Nashuku."

"Ukimwona hasomi?"

Nikafikiri kidogo. "Nashuku zaidi."

"Hongera. Utakuwa unaripoti kwangu kila Ijumaa."

Jamani, kazi niliipenda! Nilihamishia meza ya Siwema karakana, mbele ya cherehani yangu, nikawa napiga pindo jicho moja kwenye kitambaa na la pili kwake. Mtoto akinung'unika majina ya mifupa, naripoti: anaita majina ya watu wasiojulikana. Akicheka peke yake, naripoti. Siku moja nilimtuma samaki, changu wa mchuzi. Nikasubiri mchuzi, kimya. Naingia jikoni namkuta samaki amefunguliwa kifua, vitu vyake vya ndani vimepangwa kwenye sahani, hakuna hata kimoja kilichochanika.

"Mchuzi uko wapi?"

"Mjomba, hebu tazama moyo wake ulivyo mdogo."

Ijumaa nikaripoti: anatazama mioyo. Bi Nyamizi akasema niongeze macho.

Lakini lililoninyima raha hasa lilikuwa salamu. Kila asubuhi Siwema huja, "Shikamoo mjomba," anaupokea mkono wangu kwa mikono yake miwili, anainama, heshima hiyo ungedhani ni bibi harusi. "Marahaba," namjibu. Mkono haachii. Vidole vyake vitatu vimekaa kwenye kifundo cha mkono wangu, macho anatazama ukutani. "Marahaba, wewe, nimeshaitikia!" Ndipo anaachia, na uso umebadilika kidogo.

Mkono ule ndio niliovaa saa. Ahaa, nikasema, kumbe! Nikaihamishia saa mkono wa kushoto. Akaendelea na ule ule wa kulia. Hapo nikajua binti ni mjanja kuliko nilivyodhani.

Tena akaanza kunitazama miguu. Wakati ule nilikuwa nimevipasua viatu vyangu kidogo kwa wembe, kwa sababu ya joto. Suruali zangu nilikuwa nimezifumua kwa chini, kwa sababu ya mtindo. Na nilikuwa nalala nimeketi kwenye kiti, kwa sababu ya mazoea. Kila kitu kilikuwa na sababu yake. Mficha maradhi kifo humuumbua, wazee walisema, lakini walikuwa wanasema watu wengine.

Siku hizo hizo Mheshimiwa Mzingo akaniletea suruali zake nne nizipanue kuanzia magotini.

"Mtindo, fundi," akasema.

"Hata mimi, Mheshimiwa."

Tukatazamana kidogo. Kisha tukazungumza habari za mvua.

*

Tukaitwa kamati, kule kwenye ukumbi mrefu wa wizara. Nilikwenda nikijua kitakachowasumbua ni themanini na sita. Wapi!

"Themanini na sita tumeiweka kiporo," alisema Bi Nyamizi. "Tunachoshuku ni thelathini na moja. Mwenye akili za themanini na sita hawezi kuwa aliwahi kupata thelathini na moja. Huenda uliiazima, ili watu wakuonee huruma. Utathibitisha kuwa ni yako."

"Nitathibitishaje, mama?"

"Utafanya mtihani ule ule, maswali yale yale mia. Ukipata thelathini na moja, tutajua kweli ulifeli kwa haki."

Basi tukarudi nyumbani kufundishana kufeli. Msicheke, ni kazi ngumu. Kichwa kikishajua kitu hakikubali kukitema. Mimi nauliza, nikisoma kwenye kitabu chake:

"Mfupa mrefu kuliko yote mwilini?"

"Wa paja."

"Siwema!"

"Samahani, mjomba. Ulimi."

"Ulimi nao ni mfupa?"

"Si ndiyo maana nimekosa?"

Siku nyingine alikuwa anachoka, anaegemea rundo la vitambaa, ananiambia, "Mjomba, kila nikifuta jibu moja naona kama namfuta mtu." Mimi namwambia asilete mashairi, afute. Lakini nikawa nimeshaanza kushona mishono iliyopinda, na kwa fundi wa umri wangu hiyo si dalili nzuri.

Akafanya mtihani. Akapata thelathini na moja, haikuzidi wala haikupungua.

Mheshimiwa Mzingo alifurahi hadi akapiga meza. "Safi! Umefeli vizuri sana, binti! Mimi naona tumpokee."

"Mheshimiwa," akasema Bi Nyamizi, "ukiona vyaelea, vimeundwa. Anayefeli kwa bahati mbaya hubahatisha hapa na pale, huangukia jibu sahihi bila kujua. Ili mtu akose maswali sitini na tisa bila kuteleza akapata hata moja kati ya hayo, lazima awe anayajua yote mia." Akamgeukia Siwema. Alikuwa ameshusha sauti kabisa. "Binti, wewe umepata mia."

Wajumbe wakashika vifua. Mmoja akasogeza kiti chake nyuma.

Moyoni nikasema, yamekwisha. Siwema alikuwa amesimama wima, mikono kaifumbata mbele ya sketi niliyomshonea kwa siku ile. Nikamwonea uchungu, nikakumbuka beji, nikaugeuza uchungu kuwa shaka.

*

Mheshimiwa Mzingo alikohoa. Nimeshasema alikuwa mpole.

"Ndugu wajumbe, serikali yetu si ya kikatili. Binti huyu amepanda, lakini anaweza kusaidiwa kushuka. Siwema, chuo kitakupokea leo hii, sasa hivi, ukikubali kusawazishwa. Kila unachokijua zaidi ya hamsini na mbili unakiacha hapa mlangoni. Tutakuuliza swali moja tu, tuone kama umekiacha." Akanigeukia. "Mshuku asimame. Apandishe suruali."

Nikasimama. Nilishona suruali za nchi nzima nikifikiri hakuna wa kunipandisha ya kwangu. Nikaipandisha. Bi Nyamizi akainama, akabonyeza mguu wangu kwa kidole, shimo likabaki pale pale kama kwenye unga wa chapati. Ukumbi wote ukaliangalia.

"Mwombaji," akasema Bi Nyamizi, "mjomba wako anaumwa nini?"

Mheshimiwa akaongeza kwa upole, "Jibu ni neno moja, binti. Sote tunalijua. Liseme uingie."

Hapo ndipo nilipoelewa. Viatu nilivyovipasua, kiti nilichokilalia, vidole vitatu vya kila asubuhi, vyote vilinijia kwa mpigo, na nikamwona dada yangu Mwanahija akihangaika kutafuta pumzi juu ya mito minne. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kufa. Lakini nilichokitaka kuliko kupona ni mtoto yule aingie mlango ule. Nikampepesea macho. Nikamchezeshea midomo bila sauti: mi-gu-u. Sema, mwanangu. Nitapakwa dawa, nitang'aa, si kitu. Mimi nimeshavaa suruali zangu za kutosha.

Siwema akaja akapiga magoti mbele yangu. Hakubonyeza mguu. Akauchukua mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," nikasema.

Vidole vitatu vikakaa mahali pake. Akakaa hivyo muda, akitazama ukutani, na safari hii mimi nilikuwa namtazama yeye. Akasimama.

"Moyo," akasema.

"Kilichovimba ni nini?" akauliza Bi Nyamizi.

"Kilichovimba ni miguu. Kinachoumwa ni moyo. Mama yangu naye ulikuwa moyo. Daktari aliniuliza kilichovimba ni nini, nikamjibu miguu, nikanyamaza. Sitanyamaza tena. Kama kuingia humu ni mpaka niseme miguu, basi nitabaki nje."

Nilimkasirikia! Mungu anisamehe, nilitaka kumzaba kibao na kumkumbatia kwa mkono huo huo.

Mheshimiwa Mzingo alikuwa amebadilika rangi. Niliona akitazama chini ya meza, kwenye miguu yake mwenyewe, kisha akainua uso haraka.

"Ombi halijafa bado," akasema. "Tunaweza kuliahirisha mwaka mmoja, shauri libaki wazi, mradi mshuku wake angali anamshuku. Fundi Mchopa, kwa kiapo chako: bado unamshuku huyu binti?"

Nilichotakiwa ni kusema ndiyo. Neno dogo tu. Na mimi mtu wa kushuku tangu ujana, niliyemshuku hata aliyeniuzia kaburi la dada yangu! Nikafungua mdomo. Ndiyo ikakataa katakata.

"Mheshimiwa," nikasema, "nilimshuku anataka kuiba saa yangu. Alikuwa anahesabu moyo wangu. Kila siku ya Mungu, mbele ya macho yangu. Sina shaka naye. Nimeitafuta hapa, sina."

Bi Nyamizi akaja akanivua beji. Alitumia uangalifu asitoboe shati, hilo namshukuru. Ombi la Siwema likafa pale pale, na wajumbe wakaenda kula.

*

Ukumbi ule ni mrefu, nimeshawaambia. Kutoka nilipumzika kila baada ya madirisha machache, Siwema akinishika kwapani.

"Nimekuua, mwanangu," nikamwambia.

"Hujaniua, mjomba. Usiongee, unamaliza pumzi."

"Nilipaswa kusema ndiyo."

"Ungesema ndiyo ningekushuku mimi."

Ng'ambo ya mpaka wetu kuna nchi nyingine, ambayo nayo simtajii mtu. Huko ngazi zinaruhusiwa. Siwema aliamua tuende kabla sijashindwa kutembea, nami sikubishana, kwa mara ya kwanza.

Darajani tulikuta foleni ya magari meusi ya serikali. Wakubwa wetu huvuka kila mara kwa ziara za mafunzo. Hurudi na vifuko vya dawa, nadhani wanafundishwa kuvibeba. Tukawa tunapita pembeni kwa miguu, kioo kimoja kikashuka.

"Fundi! Psii! Fundi!"

Alikuwa Mheshimiwa Mzingo, amevaa suruali niliyompanulia. Akatazama mbele, akatazama nyuma, kisha akautoa mkono wake dirishani, kifundo juu.

"Binti. Haraka, dereva amekwenda kununua maji."

Mimi ningempita. Siwema akasimama, akaupokea ule mkono kwa mikono miwili, akaweka vidole vitatu.

"Mheshimiwa, unaweza kulala chali?"

Mheshimiwa akatazama tena nyuma. Kisha akasema, "Sijalala chali tangu mwaka juzi."

"Ni moyo," akasema Siwema. "Ukifika huko waambie moyo. Usiwaambie miguu wakapoteza muda."

"Nilikuwa nashuku," akasema Mheshimiwa kwa sauti ndogo, akapandisha kioo. Lifti hakutupa.

*

Huko ng'ambo walinisikiliza kifua, wakanipa vidonge vilivyonipeleka chooni hadi nikadhani nimebeba mto wa maji, na miguu yangu ikarudi kuwa miguu. Nililala chali. Nilipoamka nikakuta Siwema ameshapanda ghorofa ya tatu ya jengo la pili, kilipo chuo cha udaktari, amepanga foleni. Nikamfuata, ngazi moja baada ya nyingine, nikijishikilia ukutani na kutazama nyuma kama kuna anayeniona.

Mezani alikuwepo mama mmoja mtu mzima, miwani yake mkono mmoja umefungwa uzi. Feni haifanyi kazi, foleni imefika nje. Siwema akampa alama zake zote: tisini na moja, thelathini na moja, themanini na sita, na ile thelathini na moja ya pili. Nikasogea karibu. Beji sina, lakini macho walikuwa hawajanivua.

Mama yule akashuka na kidole taratibu. Kikafika kwenye thelathini na moja ya kwanza, kikasimama. Nikajua, hapa sasa. Nikamshika Siwema mkono tayari kwa kuondoka.

"Mwaka huu kulikuwa na nini, mwanangu?"

"Mama yangu alikuwa mgonjwa," akasema Siwema. "Kisha akafa."

Nikasubiri. Alitibiwa wapi, unauguza nini, mwenzako yuko wapi, yote nilikuwa nimeshayaandalia majibu.

Mama yule akavua miwani yake.

"Pole, mwanangu," akasema. "Pole sana."

Kisha akaandika jina la Siwema, akamwambia masomo yanaanza Jumatatu.

Nikaendelea kusubiri, maana nilijua hayo hayawezi kuwa yote. Nikautazama mlango. Nikainama nikatazama chini ya meza. Hapakuwa na kitu, palikuwa na viatu vya yule mama tu, amevivua kwa sababu ya joto. Ilikuwa pole, na haikuwa na kitu nyuma yake.

Na Siwema, ambaye hakulia kaburini wala mbele ya kamati, akaketi pale pale sakafuni, foleni yote inamwangalia, akalia. Alilia kwa sauti, kama watu wanavyolia msibani katika nchi ambako msiba ni msiba. Nikagundua bado nimeushika mkono wake, na vidole vyangu, bila kuambiwa na mtu, vimekaa kwenye kifundo. Kuhesabu moyo sijui, mimi ni fundi wa suruali. Lakini niliusikia unapiga, na sikuuachia mpaka alipomaliza kulia.